Kicheko Hakimo Kwenye Maelezo

Mimi nauza supu na chapati Mafiga, hapa Morogoro, na kwangu hapakauki watu. Anayetaka habari za mtaa huu hana haja ya kununua bando; aje saa moja asubuhi, aagize supu ya kongoro, anyamaze asikilize. Kwenye mabenchi yale nimesikia ya ndoa, ya waganga, ya mchungaji na mpiga kinanda wake. Ila hili la mjomba wangu Mikidadi sikuhadithiwa na mtu. Nililiona, na kipande kimoja nilikifanya mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Ndiyo maana kila nikilikumbuka mate yananijaa, natafuta pa kutema.

Kwanza mjue mjomba ni nani kwetu. Sisi Waluguru baba anakulea, lakini mjomba ndiye mwenye ukoo. Mtoto wa dada akiolewa, akifiwa, akifa, mjomba ndiye anayekaa mbele. Kwetu amebaki mmoja tu, Mikidadi bin Kondo, muuza ndizi wa Bigwa, mtu wa miaka sitini na ushee mwenye meno yake yote. Na mtu aliyefungwa kwa wizi hakai mbele ya ukoo. Anakaa nyuma, upande wa majivu, hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo siku polisi walipomkamata, kwetu hawakumkamata muuza ndizi. Walikamata kiti.

Na mjomba kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa utani. Msiba wowote wa mtani wetu, Mnyamwezi, Msukuma, sijui nani, bila Mikidadi ulikuwa umepooza kama chai ya jana. Alikuwa anaingia kaburini kabla ya maiti, analala, anakataa kutoka mpaka apewe kitu. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo: kumkumbusha mfiwa kwamba bado ana mbavu za kucheka.

Sasa akafa Mzee Thobias. Mnyamwezi safi, mstaafu wa kiwandani, jirani yangu nyumba ya tatu. Ameacha mke, Mama Editha, na kijana wake Castory anayekaa Dar, na pikipiki moja nyekundu aliyokuwa anaifuta kila jioni utadhani mtoto mchanga. Siku ya mazishi Mikidadi aliwasili kabla hata ya turubai. Akavaa koti la marehemu, akavaa na miwani yake, akakohoa kile kikohozi cha Thobias mpaka mjane akaanguka mkekani kwa kicheko.

"Mnamfunika kichwa kitupu?" akapiga kelele pale kaburini. "Mwekeeni ngata! Mnyamwezi huyu, malaika wakimwona tu wanamtwisha mizigo!"

Tuliporudi nyumbani akapanda ile pikipiki, akaiwasha, akazunguka turubai mara mbili akipiga honi.

"Nachukua urithi wangu! Siku ya kuanua matanga mje Bigwa mniikomboe kwa jogoo. Jogoo mwekundu! Siyo hako mnakofuga kanakokohoa kama mwenyewe!"

Akaondoka. Watoto wakamkimbiza mpaka barabarani, watu wazima wakapiga vigelegele. Na Castory alikuwepo. Nataka mliandike hilo kichwani: Castory alikuwepo na alicheka, mimi nilimwona mpaka jino la nyuma.

Lakini Castory alikuwa na haraka zake. Alitaka kesho yake aipakie pikipiki kwenye Fuso aende nayo Dar, na kuanua matanga ni mpaka siku ya tatu, na Bigwa ni kupanda, na jogoo lazima atafutwe. Basi asubuhi, badala ya kumwambia mama yake, akaenda kituo cha polisi akasema pikipiki ya baba imeibiwa na mtu anamjua. Baadaye alimwambia mama yake, "Nilidhani watakwenda tu kuichukua waniletee." Yaani yeye polisi aliwafanya makuli.

Kituo sitakitaja. Wa mtaa wetu wanakijua, na wa mbali hakitawasaidia. Saa mbili asubuhi walimkuta mjomba Bigwa anakata mikungu, pikipiki imeegeshwa uani, na koti la marehemu bado kalivaa. Wakamtia pingu mbele ya wajukuu zake.

Mimi habari ilinifikia saa sita. Nikafunga supu ikiwa nusu, nikachukua chupa ya uji, nikaenda. Kaunta wakaniambia, "Kaa hapo nje, mama." Nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Ukutani pana bango kubwa: DHAMANA NI HAKI YAKO NA NI BURE. Nililisoma mara nyingi sana siku ile, maana hakuna kingine cha kusoma.

Saa tisa ndipo nikasikia sauti ya mjomba ndani ya dirisha. Na ya mtu mwingine, sauti ya furaha, inaamkia kwa Kinyamwezi.

"Wangaluka, mtani!"

"Ee! Kumbe humu ndani yumo Mnyamwezi? Nikadhani nimekamatwa na watu!"

Wakacheka wote wawili. Na mimi huku nje nikashusha pumzi. Nikajisemea, yameisha, amepata mwenzake. Huyo alikuwa Koplo Evance, mtu wa Tabora, mzuri wa uso, mwenye kicheko kinachokufanya umpe kiti. Kwangu alikuwa anakunywa supu kila Jumamosi.

"Nyie Waluguru mnalima ukutani," koplo anasema. "Mtu anapalilia mahindi kajifunga kamba kiunoni asiporomokee kwa jirani!"

"Afadhali mimi ninayeanguka na mahindi yangu. Nyie mlibeba pembe za watu mpaka baharini, mkarudi na upara!"

Kicheko. Nikasikia soda inafunguliwa. Akampa soda, jamani.

"Haya, mwizi mkubwa wewe. Pikipiki ya Thobias umeiba wewe?"

Sasa hapo ndipo penyewe. Mtani akikuita mwizi, hukatai. Ukikataa umenuna, na ukinuna utani umekufa na wewe ndiye uliyeuua. Unakubali, unaongeza chumvi, unamrudishia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, tangu hatujajua kufunga vifungo.

"Nimeiba!" mjomba akasema. "Unadhani nani mwingine ana akili ya kuiba? Nimeiba jana na kesho naiba tena. Na siku ukifiwa wewe, nakuja kuiba mpaka kitanda!"

Na mimi, mdomo wangu huu usiokaa, nikasimama kwenye benchi nikachungulia dirishani.

"Andika na masufuria, afande! Huyo mwizi tangu tumboni!"

"Umesikia?" koplo akasema anacheka. "Hata mpwa wako anakuchoma!"

"Mpwa wangu ndiye mpokeaji wa mali za wizi, mwandike na yeye!"

Tukacheka watu watatu. Kalamu ilikuwa inaandika muda wote. Mimi niliisikia, lakini nani anaogopa kalamu wakati watu wanacheka? Kisha koplo akasema, "Weka dole gumba hapa mtani, na hapa, na hapa, tumalize." Mjomba akaweka. Miwani ya kusomea ilikuwa Bigwa, na ile aliyoivaa ilikuwa ya marehemu.

Hakuna aliyemwambia kwamba halazimiki kusema lolote. Hakuna aliyemwambia anaweza kumwita ndugu akae naye, na ndugu mwenyewe niko hatua kumi, nimeshika uji umepoa. Nikaingia kaunta kuomba aachiwe.

"Aachiwe wapi, mama? Mtuhumiwa ameshakiri."

"Amekiri nini? Si mlikuwa mnataniana?"

Koplo Evance akatoka na faili kwapani. Kicheko kilikuwa kimeshafutwa usoni kama meza iliyopitishwa kitambaa.

"Shakila, hapa ni ofisini."

"Na dhamana? Bango hilo hapo."

"Bango lililetwa na wafadhili," akasema.

Nilikuja kujua kwa nini, maana kwangu kila kitu kinafika. Mwaka ule eneo letu zilipotea pikipiki nyingi, na kituo hakijamfikisha mwizi hata mmoja mahakamani. Mkubwa wao alikuwa anapiga meza kila kikao. Koplo akaletewa mtu mwenye pikipiki uani na koti la marehemu mgongoni. Akaona: huyu ndiye.

Tulianua matanga bila mtani. Mama Editha alikuwa ameshampata jogoo, kajogoo kadogo kekundu, akakabeba mpaka kituoni, yeye mjane na kanga zake nyeusi.

"Shikamooni wanangu..." Alichanganyikiwa hata akawaamkia watoto. "Pikipiki ni yangu. Marehemu alikuwa mume wangu. Haikuibiwa. Mtani ameichukua, nimekuja kumkomboa na jogoo huyu hapa."

"Mama, wewe siyo mlalamikaji."

"Basi mlalamikaji ni nani?"

"Aliyeleta taarifa ni mwanao, lakini kesi sasa ni ya Jamhuri."

"Jamhuri ndiyo ilikuwa inaifuta kila jioni?"

Wakamwambia atoe kuku kituoni, anachafua. Castory wakati huo ameshapanda basi. Simu yake inaita, haipokelewi, mpaka leo hii.

Mjomba akakaa ndani tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, na sheria, naijua sasa kama ninavyojua bei ya unga, inasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Mahakamani tukasomewa: wizi wa pikipiki. Dhamana ipo wazi, wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa, mmoja awe mtumishi wa umma. Mdhamini mmoja ni mimi. Huyo mtumishi tukamtafuta kama sindano. Nikampata mwalimu Furaha wa Dumila, tumekua naye, tumechezea tope moja. Akaja mpaka ngazi za mahakama. Alipoambiwa atasaini, akanishika mkono.

"Dada Shakila, mimi nina watoto."

Kana kwamba mimi nina mbuzi.

Mjomba akapelekwa mahabusu. Kila baada ya wiki mbili analetwa na karandinga, anasimama kizimbani, mwendesha mashtaka anasimama, "Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika." Wanapeleleza nini? Mtu mnaye. Pikipiki mnayo. Mwenye mali analia kwamba haikuibiwa. Hicho kinachopelelezwa kiko sayari gani?

Pikipiki yenyewe walisema ni kielelezo, haiguswi. Mwezi wa pili naiona imepita mbele ya kibanda changu, koplo kaipanda, nyuma kafunga kabichi za Mgeta. Mwezi wa nne kioo cha kushoto hakipo. Mama Editha alikuwa ananywa chai kwangu. Aliitazama mpaka ikakata kona, kisha akasema polepole, "Thobias hakuwahi kuipakia kabichi." Nikampelekea chapati. Hakuila.

Na Jumamosi yule mtu alikuja supu kama kawaida! Akakaa benchi lile lile. Nikamwambia kongoro imekwisha, na sufuria linachemka mbele yake. Akacheka. "Shakila umeninunia? Kazi ni kazi, mtani." Neno hilo, mtani, mdomoni mwake! Niliingia nyuma ya kibanda nikatapika kwenye karo, mtu mzima mimi, kwa sababu ya neno.

Miezi saba. Mjomba akakonda, lakini huko ndani akapata mwalimu. Kasiani, mahabusu wa mwaka wa nne, mtu asiyemaliza darasa la saba, ila sheria anaijua kuliko wanaovaa majoho. Siku nilipompelekea sabuni mjomba akaninong'oneza:

"Kasiani anasema siku karatasi ya maelezo ikiletwa mahakamani, nikiulizwa kama nina pingamizi, nisiseme sina. Wengi wanasema sina kwa adabu, wanafungwa kwa adabu yao. Na anasema niulize saa."

"Saa gani, mjomba?"

"Mimi hata sijui. Anasema polisi akishakukamata ana saa nne za kuandika maelezo yako. Lakini mimi saa za nini, Shakila? Mimi nitamuuliza utani. Mbele ya Biblia hawezi kukataa."

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Mtaa mzima ulikuja, na Mama Editha na kikapu chake, jogoo ndani. Kale kajogoo kadogo sasa kalikuwa na makucha ya kupigania. Walinzi wakamwambia akiweke kikapu nje ya mlango, na kila hakimu akisema neno, jogoo anawika.

Koplo Evance akashika Biblia akaapa. Akasema alimhoji mtuhumiwa, na mtuhumiwa alikiri kwa hiari yake. Mwendesha mashtaka akaomba maelezo yapokelewe. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani na sauti ndogo, akamgeukia mjomba.

"Mshtakiwa, una pingamizi?"

"Ninalo, mheshimiwa. Dole gumba ni langu. Maneno mengine ni yangu. Lakini tulikuwa tunacheka, na kicheko hakimo kwenye maelezo."

Hakimu akaandika. Akasema basi kabla ya kuipokea karatasi, mahakama itasikiliza kwanza ilivyopatikana, na mshtakiwa anaruhusiwa kumuuliza shahidi. Mjomba akanyoosha shati.

"Afande, shikamoo."

Watu wakacheka kidogo. Mzee mzima anamwamkia kijana. Huo nao ulikuwa utani, alikuwa anamfungulia mlango. Koplo hakuitikia.

"Wewe kabila gani, afande?"

Mwendesha mashtaka akainuka, hakimu akamkalisha kwa mkono. "Ajibu."

"Mnyamwezi."

"Na mimi?"

"Mluguru, nadhani."

"Unadhani. Mnyamwezi na Mluguru ni nini kwa nini?"

Ukumbi mzima ulikuwa umeshajibu kimoyomoyo. Hata askari magereza mlangoni alitabasamu. Koplo akatazama dari.

"Ni Watanzania."

"Siku ile uliniamkia wangaluka, ukaniita mtani. Ukanipa soda. Ni kweli si kweli?"

"Si kweli. Mimi sifahamu utani wowote na mshtakiwa."

Sijui niwaelezeje. Mtu anaweza kudanganya kwenye pesa, tukamzoea. Anaweza kumkana mtoto wa nje. Lakini kusimama mchana kweupe, umeshika kitabu, ukakana utani uliowafanya babu zako wapite salama kwenye milima yetu wakiwa na mizigo kichwani! Mama mmoja nyuma yangu akasonya, msonyo mrefu uliotembea ukumbi mzima. Mjomba alishika ukingo wa kizimba. Nilimwona usoni. Kukamatwa hakukumfanya vile, wala mahabusu. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Hakimu akamuuliza kama amemaliza. Ndipo akakumbuka.

"Ah. Nilikamatwa saa ngapi?"

Koplo akafungua daftari lake. "Saa mbili asubuhi."

"Na maelezo uliandika saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi alasiri."

"Basi. Kasiani alisema niulize hivyo."

Kisha nikaitwa mimi kuwa shahidi wake. Nikaeleza yote, benchi, dirisha, soda. Hakimu akanipa karatasi niseme kama naitambua. Ndiyo siku ya kwanza nilipoisoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa mwandiko wa shule: *Mimi Mikidadi Kondo, kwa hiari yangu, nakiri kuiba pikipiki ya marehemu Thobias. Nimekuwa nikiiba vitu vingine huko nyuma, ikiwa ni pamoja na masufuria. Ninayo nia ya kuendelea.*

Masufuria. Maneno yangu, yamekaa mdomoni mwa mjomba, yamegongwa dole gumba.

"Masufuria ni yangu, mheshimiwa," nikasema. "Yaani, niliyasema mimi. Nilicheka. Tulikuwa tunacheka."

Mwendesha mashtaka akainuka anatabasamu. "Kwa hiyo shahidi, wewe ndugu yake wa damu, ulimwambia polisi kwamba mshtakiwa ni mwizi tangu tumboni?"

"Nilisema, lakini..."

"Ndiyo au hapana, mama."

"Ndiyo."

Nilirudi kukaa, sikumtazama mtu.

Baada ya wiki moja hakimu akasoma uamuzi. Nilisubiri aseme kuhusu utani. Nilitaka sana aseme. Akasema mahakama haina njia ya kujua kama watu walicheka au hawakucheka. Lakini saa inazijua. Sheria imetoa saa nne, maelezo yameandikwa baada ya saa saba, hakuna kibali cha kuongeza muda, hakuna maelezo ya kwa nini, na hakuna popote panapoonyesha mtuhumiwa aliambiwa haki yake ya kuita ndugu wakati ndugu yuko mlangoni. Karatasi haipokelewi. Mwendesha mashtaka akabaki na pikipiki isiyo na kioo na mlalamikaji asiyepokea simu. Kesi ya kujibu hakuna. Mshtakiwa aende nyumbani.

Vigelegele vilipigwa, na mimi nilipiga. Lakini yule aliyeapa uongo hakuulizwa hata neno moja. Alifunga daftari, akavaa kofia, akapita katikati yetu akisema "samahani, samahani," kama mtu anayeshuka kwenye basi. Karatasi ilikuwa imekufa kwa saa. Uongo wenyewe ulitoka nje mzima, unatembea.

Nje Mama Editha akafungua kikapu. Miezi saba amemlisha jogoo yule.

"Mtani, nakukomboa. Pokea."

Tukasubiri. Mikidadi wa zamani angemnyanyua mguu, angelalamika ni mwembamba, angedai na mfugaji aongezwe. Mjomba alimtazama jogoo, akarudisha mikono nyuma.

"Mpikeni, dada. Mle."

Alirudi mbele ya ukoo. Kiti chake anakikalia. Mwezi wa nane alimwozesha Yasmin, binti wa dada yangu, kila kitu sawasawa. Lakini msibani anakaa na wanaume wengine, anasoma dua, anaaga. Watu wanamchokoza, "Mikidadi, mbona kaburi halina mlalaji?" Anasema mgongo unauma.

Mwaka haujaisha, Koplo Evance akafiwa na mama yake. Mama alikuwa amekuja kwa mwanawe kutibiwa, akafia Morogoro, wakaamua kuzika hapa. Msiba ukawekwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Mimi niliapa siendi. Mjomba ndiye aliyeshuka Bigwa, na kanzu yake, akanipitia.

"Shakila, mama wa watu hakuandika maelezo. Twende."

Tukaenda Waluguru kumi na mbili. Wanaume walichimba kaburi vizuri, pembe zimenyooka. Hakuna aliyeingia kulala. Hakuna aliyeomba ngata, hakuna aliyevaa nguo ya marehemu, hakuna aliyekohoa. Tulikaa mkekani kama watu wanaosubiri daktari. Wanyamwezi waliotoka Tabora walikuwa wanatutazama, wanatazamana, mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Hivi Morogoro hakuna watani?" Mfiwa alisikia. Wote tulisikia.

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Nilidhani itakuwa tamu.

Tuliporudi kutoka makaburini, koplo aliingia ndani akatoka na fimbo ya mama yake, mkongojo wa mti mweusi uliolainika pale anaposhikia. Akaja mpaka alipokaa mjomba, akachuchumaa. Hakuwa na kofia, hakuwa na gwanda. Macho mekundu.

"Mtani," akasema. "Chukua. Chukua basi, nije nikomboe. Wangaluka, mtani. Mama asiende hivi."

Akamsukumizia ile fimbo mapajani. Mimi namjua mjomba, maneno yalikuwepo, yalimfika mpaka kwenye meno, maana mkono wake wa kulia ulianza kuinuka. Kisha akautazama ule mkono, akautazama hasa dole gumba, akaurudisha chini ya kanzu.

"Hapana, afande," akasema taratibu, bila ubaya wowote. "Nikichukua, nitaandikwa."

Akanyanyuka ili aage wazee. Fimbo ikateleza kutoka mapajani, ikaanguka pale kwenye mkeka kati yao. Watu walikuwa wengi, nyumba imejaa mpaka uani, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuiokota.